Chupa ya Pili

Maji niliyachota mtaroni, nyuma ya soko la Chikongola,
wauza pweza wakinicheka:
dada, hayo unachemsha au unakunywa hivyo hivyo?
Sikuwajibu. Nilikuwa natafuta wezi
wadogo kiasi kwamba tone kwao ni wilaya.

Kirusi hakina mdomo wala tumbo.
Ni kichwa na mkia.
Hujibandika kwa bakteria kama kupe,
humdunga, humsahaulisha kazi yake,
na baada ya nusu saa mwenye nyumba anapasuka,
wageni mia wanatoka
kila mmoja akabishe hodi kwa jirani.

Lakini bakteria naye si mjinga.
Akiponea chupuchupu humkata adui kipande,
herufi thelathini hivi,
akakishona kwenye uzi wa urithi wake
kama mwenye duka anayebandika ukutani picha ya tapeli.
Mtoto atazaliwa anamjua.

Nikapanga chupa mbili.
Ya kwanza, ukoo wa picha moja: mamilioni
wanaokumbuka sikio lile lile la mwizi.
Ya pili, mchanganyiko. Huyu anajua sikio,
yule kisigino, yule kovu la shavuni.
Mchuzi mmoja, joto moja, wezi idadi moja.
Hakuna wa chupa ya pili aliyekuwa na nguvu
kumzidi wa chupa ya kwanza. Narudia
kwa sababu Daktari Nampoto aliniuliza mara tatu.

Nikamkumbuka shangazi Somoe, kule Kitaya,
msimu ule bei ya korosho ilipopanda
na safu yao nzima ikanunua makufuli
kwa Chilumba: duka moja, katoni moja.
Kufuli zito, la shaba, la kuringia.
Mwizi alifanya kazi usiku mmoja tu,
wa kuchonga ufunguo.
Usiku wa pili alitembea.
Magunia yalitoka nyumba hadi nyumba
kama wanafunzi wanaoitwa majina.

Ng'ambo ya barabara, kwa wasio na pesa ya shaba,
mmoja alifunga kamba ya katani kwa fundo la babu yake,
mmoja alifuga kanga wenye kelele,
mmoja aliegemeza kinu mlangoni,
na mjane mmoja alilala juu ya magunia yenyewe, panga mkononi.
Kanga walimwagiwa pumba, wakanyamaza.
Nyumba ile iliibiwa, sisemi haikuibiwa.
Ila ujuzi wa kuhonga kanga
haufungui fundo.

Siku ya tatu chupa ya kwanza ikang'aa kama maji ya mvua.
Asiyejua angesema usafi. Ulikuwa msiba.
Kirusi kimoja, katika kujinakili, kilikosea herufi moja;
sikio likapinda kidogo,
na picha zote ukutani zikawa za mtu mwingine.

Ya pili ilibaki na ukungu wake,
chafu, hai.
Mwenye sikio lililopinda alimpata mmoja,
akazaa humo, na wanawe
wakagonga kwa anayejua kisigino.
Wakaishia hapo kizingitini.
Kuwapita wote kulitaka makosa manane kwa mpigo,
na kila kosa liwe la bahati.

Siku ya tano nikatandaza sahani.
Utando mzima, bila tundu hata moja.
Nikahesabu tena kwa tochi ya simu,
umeme ulikuwa umekatika Shangani yote.
Sifuri.
Sijui kwa nini nilikihurumia.

Jioni shangazi akapiga. Nikamweleza, akacheka sana,
akasema, kumbe mnasomea wizi huko.
Halafu akanipa habari njema:
Chilumba kashusha katoni mpya,
makufuli ya chuma, bora kuliko yale,
safu nzima wameshanunua.

Nikanyamaza kidogo.
Nikamwuliza kanga siku hizi wanauzwaje Kitaya.